Mzee wa Maabara Anajibu: Unga wa Chura na Kidonda cha Mama

SWALI: Shikamoo Mzee wa Maabara. Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa 9, na ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kinachokaribia miezi 2. Kuna kijana anapita mtaani akiuza unga wa "peptidi za chura". Anasema mgonjwa anaunywa kwenye uji, unaua bakteria wote na virusi vyote, na vimelea haviwezi kuuzoea. Kopo ni shilingi 45,000 na dada yangu ameshatoa nusu. Hizo peptidi zipo kweli? Na zinaviuaje virusi, wakati tunaambiwa antibayotiki haziui virusi?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Peptidi zipo, na habari ya chura ni ya kweli. Lakini unga huo wa kunywa hautamponya mama.

Nianze na chura. Daktari mmoja wa Marekani, Michael Zasloff, alikuwa akiwapasua vyura wenye kucha wa Afrika ili kutoa mayai yao kwa utafiti. Akishawashona, aliwarudisha kwenye tangi la maji machafu. Kilichomshangaza ni kwamba mishono ilikauka bila kutunga usaha. Akaichunguza ngozi yao, na mwaka 1987 akatangaza alichokipata: vipande vidogo vya protini alivyoviita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Jamaa za chura huyo wapo hata huku kwetu pwani.

Protini ni kama uzi wa shanga, na kila ushanga ni asidi amino. Peptidi ni uzi mfupi. Magainini ina shanga 23 tu. Mama yako naye anazo za kwake, tena nyingi. Ipo inayoitwa LL-37, yenye shanga 37. Zipo defensini ndani ya chembe nyeupe za damu na kwenye utumbo. Hata jasho lina peptidi yake.

Sasa tazama zinavyopiga. Magainini ikigusa utando wa bakteria hujiviringa kama springi. Upande mmoja wa springi hiyo unapenda maji na una chaji chanya ya umeme. Upande wa pili unapenda mafuta. Utando wa bakteria una chaji hasi kwa nje, kwa hiyo peptidi huvutwa na kunata pale. Zikishajazana, ule upande wa mafuta huzama ndani, utando hutoboka, chumvi za ndani huvuja, na bakteria hufa kwa dakika chache. Seli zetu kwa nje karibu hazina chaji, na zina lehemu (kolesteroli) inayoukaza utando, ndiyo maana peptidi nyingi huzipita bila kuzidhuru sana.

Hapo utaona tofauti na penisilini. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na virusi havina ukuta, kwa hiyo haina pa kushika. Lakini virusi vya mafua, vya malengelenge na vya UKIMWI vimevaa koti la mafuta vilivyolichukua kwenye seli vilikotokea. Peptidi inaweza kulirarua koti hilo, au kuvizuia visishike seli nyingine. Virusi vya polio havina koti la kuraruliwa. Anayesema "virusi vyote" anakudanganya.

Na hilo la kutozoeleka si kweli pia. Stafilokoka, wale bakteria wanaoota rangi ya dhahabu kwenye sahani ya maabara yenye damu, nimewaotesha miaka 31. Huongeza asidi amino yenye chaji chanya kwenye utando wao, ule mvuto ukapungua, peptidi ikashindwa kunata. Bakteria wengine hutoa vimeng'enya vya kuikatakata. Kolistini, dawa ya akiba ya wagonjwa mahututi ambayo madaktari huitoa wakiangalia figo, nayo ni ya ukoo huu. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya usugu dhidi yake inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Turudi kwenye uji. Peptidi ikifika tumboni inakutana na vimeng'enya vilevile vinavyosaga dagaa na maharage. Hukatwa ikawa chakula, na haifiki mguuni. Hata ya kupaka ilijaribiwa, tena kwa wagonjwa kama mama. Peksiganani, iliyotengenezwa kwa mfano wa magainini, ilikuwa krimu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa kwa kuwa haikuonekana kuzishinda dawa zilizokuwapo. Ikajaribiwa upya, na mwaka 2016 ikashindwa kuipita krimu isiyo na dawa. Iliniuma, maana nilikuwa nikiifuatilia kwa matumaini.

Ninachokiogopa ni zile wiki mtakazopoteza kwa kusubiri unga ufanye kazi. Nimepokea swabu (vijiti vya pamba vya kuchukulia usaha) za miguu ya namna hiyo, usaha wa kijani wenye harufu tamu kama zabibu. Ukiinusa tu unamjua bakteria aitwaye Pseudomonas kabla hujawasha darubini. Mzee mmoja alikuja baada ya wiki 5 za unga, akaondoka bila vidole viwili.

Mpelekeni mama kliniki ya kisukari wiki hii. Ombeni kidonda kisafishwe kwanza, kisha swabu ichukuliwe kutoka ndani, si juu juu, na iwe kabla hajaanza antibayotiki, ili maabara waoteshe na kujua dawa ipi inafaa. Apimwe sukari. Asiukanyagie mguu huo. Ukiona weusi, harufu kali au homa, msingoje kliniki, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Ile nusu ya fedha iliyobaki dada yako asiitoe. Itawatosha nauli na kuanzia vipimo.