Joinville: studio iliyorekodi filamu moja kwa lugha zaidi ya kumi

Mkuu umeuliza kwa nini mwaka 1930 Paramount, kampuni ya filamu ya Marekani, walihangaika kufungua studio Joinville, nje kidogo ya Paris, warekodi filamu ileile upya kwa Kifaransa, Kihispania, Kiswidi, Kireno na kuendelea, wakati wangeweza kuingiza sauti tu, yaani kupachika maneno ya lugha nyingine juu ya picha zilezile. Kazi yangu ni hiyohiyo, kuingiza Kiswahili kwenye tamthilia za nje, kwa hiyo swali limenigusa.

Kwanza, mitambo. Filamu za sauti zilikuwa changa. Maneno, muziki na vishindo mara nyingi vilirekodiwa kwa mkupuo mmoja na kuvitenganisha ilikuwa shughuli. Mimi leo naletewa muziki na vishindo mbali, mazungumzo yameshaondolewa, napachika ya kwangu. Hata hivyo jasho linanitoka. Mwigizaji Mturuki akifumba mdomo huku sentensi yangu bado inadai silabi nne, mtazamaji anashtuka, hata kama hawezi kusema kilichomkera. Watazamaji wa 1930 hawakuvumilia kabisa. Halafu kulikuwa na serikali: Oktoba 1930 Italia ilipiga marufuku mazungumzo ya kigeni kwenye filamu.

Ndipo Robert T. Kane, bosi wa Joinville, akaendesha studio usiku na mchana. Seti moja, skripti moja kutoka Marekani. Waswidi wakimaliza wanatoka, Wahispania wanaingia, mlango uleule, kochi lilelile.

Nyingi zilikuwa mbovu, na kwa mtu wa fani hii sababu iko wazi. Mwigizaji alitakiwa akae alipokaa mwenzake wa Hollywood, acheke alipocheka, ageuke alipogeuka. Mimi hufungwa na mdomo wa mtu mwingine; wao walifungwa mwili mzima. Nawaonea huruma sana watu wale.

Kufikia 1932 uchanganyaji wa sauti ulikuwa umekomaa, na kulipa watu wachache mbele ya kipaza sauti kulikuwa rahisi mno kuliko kulipa waigizaji wa kila nchi. Joinville ikageuzwa kuwa kituo cha kuingiza sauti. Baadaye Wafaransa waliitumia miaka mingi kwa filamu zao, hadi moto wa 1971 ulipoiteketeza. Zikajengwa nyumba za kuishi.

Ila msiseme palikuwa kiwanda cha takataka. Mwimbaji Carlos Gardel, mfalme wa muziki wa tango, aliigiza hapo filamu zake kadhaa za Kihispania kuanzia 1931, na Argentina ilimpokea kwa shangwe. Mwaka huohuo mwongozaji Alexander Korda akarekodi hapo filamu ya Marius, kutoka tamthilia ya jukwaani ya Marcel Pagnol, pamoja na matoleo ya Kijerumani na Kiswidi. La Kifaransa ndilo linalotazamwa hadi leo, maana hadithi ni ya baa ya bandarini Marseille, na Pagnol alishikilia wapewe nafasi waigizaji walewale waliokwisha kuicheza jukwaani. Hapo hakuna aliyekuwa anamwiga Mmarekani.

Mkuu, anza na hiyo. Kuna mahali baba, anayeigizwa na Raimu, anamfundisha mwanawe kuchanganya kinywaji: theluthi ndogo ya hiki, theluthi ya kile, theluthi nzuri ya kingine, kisha theluthi kubwa ya maji. Kijana anamwambia glasi ina theluthi tatu tu. Mzee anapandisha: mjinga we, inategemea ukubwa wa theluthi!