Fiuzi za Taa za Gari la Kujiundia

SWALI: Ninaunda gari langu mwenyewe lenye betri ya volti 12. Je, fiuzi moja ya ampea 20 yatosha kwa taa zote?

JIBU: Haitoshi, na kwa taa za mbele ni hatari, kwa kuwa ikikatika usiku utabaki gizani ghafla ukiwa mwendoni. Balbu ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6, kwa hiyo ipe kila taa ya mbele fiuzi yake ya ampea 7.5 au 10, ili moja ikizimika nyingine iendelee kuwaka. Taa ndogo za kushoto na za kulia nazo zitenganishe vivyo hivyo.

Kumbuka kwamba fiuzi hulinda waya, wala si balbu: ukubwa wake usizidi uwezo wa waya, na fiuzi kuu ikae karibu kabisa na betri. Umeme wa taa za mbele upitishe kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), kwani swichi ndogo ya dashibodi ikibeba umeme huo wote huungua mapema. Taa ikififia, kagua kwanza waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari. Mara nyingi utakuta umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichokwanguliwa.