Ukijipangia safari ya Slovenia, anza na ratiba ya basi

Slovenia ina kilomita za mraba 20,273. Mkoa wa Pwani peke yake unaizidi. Watu wake ni milioni mbili na ushee, hawafikii nusu ya wakazi wa Dar es Salaam. Ukiitazama kwenye ramani unashawishika kwamba asubuhi utakuwa milimani, mchana pangoni, jioni ufukweni, na kesho yake umeshavuka kwenda Venice. Kilomita zinaruhusu. Mabasi hayaruhusu, na kwa mtu asiyekodi gari, mabasi ndiyo yenye safari.

Kwa hiyo kwa anayekwenda mara ya kwanza, mwenyewe, bila wakala wala kundi, nina ushauri mmoja na mengine yote yanatoka humo: panga kwa saa za basi, usipange kwa umbali.

Kabla ya basi kuna viza, na hapa sizunguki. Slovenia imo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007. Haina ubalozi Dar es Salaam, hivyo kazi ya kwanza ni kufungua tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje uone wakazi wa nchi yako wanapeleka maombi wapi. Usimtegemee jirani aliyewahi kwenda Ujerumani. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza, fedha hiyo hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla; mimi nasema anza miezi mitatu kabla, maana kinachochelewesha watu mara nyingi ni kupata miadi. Pasipoti ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka, isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Chumba chukua kile unachoweza kukifuta bila kukatwa fedha, na tiketi ya ndege usiilipie moja kwa moja mpaka viza iwe mkononi.

Udogo wa nchi unakusaidia kwenye faili lako. Kanuni inasema uombe kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Anayeandika nchi tano ndani ya siku kumi inabidi aeleze hizo tano zote, kila moja na hoteli yake na usafiri wake. Ratiba yangu ilikaa kwenye karatasi moja: tarehe, mji ninaolala, basi au treni nitakayopanda. Afisa hakuuliza chochote kuhusu ratiba. Maswali yote yalikuwa ya kazi yangu, likizo yangu na taarifa ya benki. Na hilo la benki, tafadhali, usimwombe shemeji akuwekee milioni tano wiki moja kabla. Taarifa inaonyesha tarehe.

Ndege. Shirika la taifa la Slovenia, Adria Airways, lilifilisika mwaka 2019, na tangu hapo uwanja wa Ljubljana, mji mkuu, hauna ndege nyingi. Kwa sisi wa Afrika Mashariki njia rahisi ni kupitia Istanbul, kwa kuwa Turkish Airlines wanatua huku kwetu na Ljubljana pia. Wengine hushuka Venice, Vienna au Zagreb kwa sababu ya bei, kisha wakamalizia na basi. Inawezekana kabisa, ila uwe na karatasi zako za malazi kwenye begi la mkononi, maana afisa wa Venice ana haki ya kukuuliza kwa nini mwenye viza ya Slovenia anaingilia Italia. Kroatia nayo iliingia Schengen Januari 2023, kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa kwamba kupita Zagreb kunahitaji viza nyingine, hayo ni ya zamani. Bosnia na Serbia bado ziko nje. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Sarajevo, kule Bosnia, hutaweza kurudi Slovenia.

Sasa malazi. Lala Ljubljana siku nyingi, kisha ongeza sehemu moja tu ya pili. Stendi ya mabasi na kituo cha treni viko jirani pale Ljubljana, na karibu kila njia inaanzia hapo, hivyo ukiwa na chumba cha kutembea dakika kumi hadi stendi umeshinda nusu ya vita. Mimi nilitafuta mitaa ya Metelkova. Ipo hosteli pale, Celica, ambayo vyumba vyake vilikuwa selo za gereza la kijeshi, na nondo bado zipo. Si kila mtu atapenda kulala nyuma ya nondo kwa fedha yake mwenyewe, lakini kuna vyumba vya kawaida pia. Mji wenyewe ni wa miguu: katikati magari hayaingii, maji ya bomba ya barabarani yananyweka bure, na kazi za msanifu Jože Plečnik, yale madaraja matatu yaliyoungana na nguzo za sokoni, utakutana nazo bila kuzitafuta. Mabasi ya mjini hayapokei fedha taslimu, kwa hiyo usimnyooshee dereva noti.

Turudi kwenye ratiba. Kabla ya kuamua siku ya kwenda popote, fungua ratiba ya tarehe yenyewe, si ya siku yoyote. Kuna mabasi yanayokwenda siku za kazi tu, kuna yanayokwenda siku za shule tu, na mengine ni ya kiangazi. Ukiona *delavnik* ni siku ya kazi, *nedelja* ni Jumapili, *odhod* ni kuondoka na *prihod* ni kufika. Saa zao ni za 24, kwa hiyo 18.20 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Tafuta kwanza basi la mwisho la kurudi, liandike, ndipo utafute la kwenda. Nilikuwa nikifanya hivyo kila usiku kabla ya kulala, na mara nyingi nilikuta kwamba mahali pa "saa moja tu" panakula siku nzima. Ukilikubali hilo mapema, hutaona umepoteza siku.

Jumapili inahitaji aya yake. Mabasi yanapungua, na tangu 2020 sheria inafunga maduka Jumapili na sikukuu, isipokuwa machache kama ya vituo vya mafuta na stesheni. Mikahawa iko wazi. Anayepika mwenyewe hosteli afanye ununuzi Jumamosi. Mimi Jumapili niliiachia Ljubljana: kupanda kilimani hadi ngomeni, kukaa mtoni, kufua nguo.

Bled ndiyo picha iliyokuleta: ziwa, kisiwa, kanisa lenye ngazi 99, mitumbwi ya mbao inayoitwa pletna. Basi kutoka Ljubljana ni saa moja na kitu. Ukichukua treni ya Lesce-Bled ujue kituo kiko kilomita kama nne kutoka ziwani na utahitaji basi jingine, kwa hiyo basi la moja kwa moja ni bora. Nenda na la asubuhi kabisa. Kulizunguka ziwa ni kilomita sita za njia tambarare, na mwenye magoti mazima apande kilima cha Mala Osojnica, kule ndiko zinakopigwa picha zote unazoziona, bure. Kula kipande cha kremšnita, keki yao ya maziwa, kisha uondoke. Nimesema uondoke, usilale. Bei za pale ni za watu wa fungate.

Kulala nenda Bohinj, kilomita 26 mbele, basi lilelile likiendelea. Ziwa la Bohinj ni kubwa kuliko la Bled, watu ni wachache, na jioni mabasi ya watalii yakishaondoka unabaki na milima. Njia ya kulizunguka ni kama kilomita 12. Ukipanda gari la kamba la Vogel unafika mita 1,535, na siku ya anga safi unauona Triglav, mlima wao mkubwa wenye mita 2,864, ambao umo hata kwenye bendera yao. Kwa mtu anayetoka nchi yenye Kilimanjaro urefu huo haumtishi, lakini usiuchukulie wepesi: ni mwamba wa kushika nyaya, si mlima wa kupanda na raba za mjini.

Kutoka stesheni ya Bohinjska Bistrica, karibu na ziwa hilo, ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na hakuna aliyenidokeza: treni ya kwenda Nova Gorica. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1906, enzi za dola ya Austria na Hungaria. Inaingia handaki la zaidi ya kilomita sita, inatokea upande wa pili na kufuata mto Soča wenye maji ya kijani, kisha inapita juu ya daraja la Solkan lenye tao la mawe la mita 85, kubwa kuliko tao lolote la mawe la reli duniani. Treni ni chache kwa siku, na reli zao hufanyiwa ukarabati mara kwa mara, hivyo angalia kama tarehe yako hawajaweka basi badala ya treni. Ukishuka Nova Gorica, uwanja wa mbele ya stesheni umegawanywa na mpaka: nusu Slovenia, nusu Italia. Unavuka kwa hatua moja.

Lakini vuka na pasipoti. Tangu Oktoba 2023 Italia ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka huo, na kwenye basi la Trieste, mji wa upande wa Italia, polisi huingia na kutazama nyuso. Nisikufiche: sura kama yetu ndiyo inayoulizwa kwanza. Toa pasipoti, fungua ukurasa wa viza, jibu kwa ufupi, basi litaondoka. Nakala kwenye simu haitoshi.

Kuna mapango mawili makubwa, na watu hubishana lipi ni bora. Postojna ina treni ndogo ndani ya pango, ilianza mwaka 1872, na ina viumbe weupe wasioona wanaokaa gizani. Ni nzuri kwa mwenye watoto. Mimi nasema Škocjan. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1986, na ndani unatembea kwa miguu ukingoni mwa bonde la chini ya ardhi, mto ukinguruma huko chini, mpaka unapovuka daraja lililo juu yake mita zipatazo 45. Hawaruhusu picha humo, nami nilishukuru. Shuka stesheni ya Divača, fuata vibao, ni kilomita kama tatu. Sweta ni lazima hata Julai. Mapango hayo yanakaa kwenye nyuzi 10 hadi 12.

Piran ni mji mzuri wa kale na uchochoro wake ni wa kupotea kwa raha, lakini pwani yote ya Slovenia ni kilomita 47 tu na ufuo wake ni mawe na saruji. Mtu wa Tanga au Unguja asiende kwa ajili ya bahari. Aende kwa ajili ya mji, samaki na mashamba ya chumvi ya Sečovlje. Kama basi la moja kwa moja halipo saa unayotaka, panda treni hadi Koper. Basi la Piran liko palepale.

Chakula hakitakutesa. Burek ya nyama, jibini au mchicha inauzwa mpaka usiku karibu na stendi. Ukiona žganci kwenye orodha, agiza: ni ugali, umevunjwavunjwa tu. Kwa Waislamu, msikiti wa Ljubljana ulifunguliwa mwaka 2020 baada ya maombi yaliyoanza mwaka 1969. Kuhusu nyama, uliza muuzaji, kwani wengi wa mabanda ya burek ni ya watu wa Balkani na hawaoni ajabu kuulizwa.

Benki yako iambie unasafiri, na mashine ikikuuliza kama ikate kwa shilingi au euro, chagua euro kila mara. Beba sarafu kwa vyoo vya stesheni na noti ndogo kwa vibanda vya milimani.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege uko Brnik, kama kilomita 25 nje ya mji. Kama ndege yako ni ya Jumapili alfajiri, usitegemee basi la kawaida. Weka nafasi kwenye daladala za uwanja wa ndege siku mbili kabla, zinakuchukua mpaka mlangoni kwa bei iliyo chini sana ya teksi.