Maski haikai usoni, nikandamize?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya, bado mgeni kazini. Wiki ijayo tuna upasuaji wa mama wa miaka 40 mwenye uvimbe mkubwa wa taya la kushoto. Mdomo unafunguka kiasi cha kidole kimoja tu. Nimemjaribishia maski ya kupumulia kubwa kuliko zote tulizonazo, inavuja shavuni. Daktari anasema nimpe ketamini, dawa ya usingizi, na nikandamize maski kwa nguvu. Nifanyeje? — Msomaji, Kusini

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuijaribu akiwa macho. Wengine hugundua inavuja mgonjwa ameshalala.

Kukandamiza kunaharibu. Taya linarudi nyuma, ulimi unaziba koo, na hewa iliyokosa njia inatokea shavuni. Inua taya lije kwenye maski. Mimi hukunja shashi ya hospitali iliyoloweshwa maji ya chumvi, nikaikamua, nikajaza lile bonde kati ya uvimbe na pua mpaka ukingo wa maski upate pa kulalia. Kisha mikono miwili: vidole gumba juu ya maski, vingine vikinyanyua pembe za taya, na mwenzangu ndiye anayebonyeza mfuko wa hewa. Mrija wa puani wa kufungua njia ya hewa, uliopakwa jeli, utakufaa kuliko wa mdomoni. Ikigoma bado, chukua maski ndogo ya mtoto, iweke juu ya pua tu, mdomo ukiwa umefungwa.

Lakini kwa mama huyu hayo yote ni akiba. Mimi naogopa zaidi hicho kidole kimoja. Maski ikishindwa, tyubu ya kupumulia, ile inayoingia kooni, utaipitishia wapi? Kwa hiyo suksametoniamu, au dawa yoyote ya kulegeza misuli, usiiguse. Ketamini humwacha apumue mwenyewe, ndiyo maana daktari wako anaipenda, ila ukiidunga haraka pumzi inaweza kusimama, tena inaongeza mate, na mate yakigusa koo linaweza kubana. Halafu kuna jambo ambalo naona hamjalizungumza hapo kwenu: atakatwa taya, mdomo ujae damu. Bila tyubu, hiyo damu itashuka wapi kama si mapafuni?

Huyu anahitaji kuwekewa tyubu kupitia puani akiwa macho, koo limetiwa ganzi ya lignokaini, kwa kamera nyembamba inayopinda. Au atobolewe koo kwa ganzi, apumulie hapo, kabla ya kulazwa usingizi. Mpelekeni Muhimbili, au kwingine kwenye wapasuaji wa taya na vifaa hivyo. Daktari akinung'unika, muulize swali la damu.

Kabla hajaondoka, muulize mama usiku analalaje. Kama analala chali bila shida na uvimbe umekua polepole kwa miaka, anaweza kusubiri tarehe ya rufaa. Akikwambia hulala ameketi, au hukoroma hadi akashtuka usingizini, aende leo hii, akiwa ameketi, na oksijeni, nawe ndani ya gari.