Je, askari aliye vitani anaruhusiwa kumdanganya mama yake kuhusu alipo?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni askari, kijana wa Tanga. Mwaka 2024 nilikuwa karibu na Sake, Kongo, katika kikosi cha SADC. Mama yangu ana presha, nikawa namwandikia kwamba niko stoo ya unga, mbali na mapigano, ilhali tulikuwa tukilala handakini. Mwenzangu aliniambia uongo wa vitani umeruhusiwa. Nimesharudi nyumbani, na mama bado anawasimulia majirani habari za stoo. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu. Swali lako limenigusa, kwani kauli ya mwenzako nimeisikia hata kwa watu wa mimbari, nayo ni kauli mbovu. Hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba, iliyomo katika Sahihi Muslim, imetaja mahali patatu panaporuhusiwa uongo: vita, kupatanisha watu, na maneno ya mume na mkewe. Vita hapo ni hila dhidi ya adui anayekuwinda. Mama aliyekunyonyesha amekuwa adui lini? Anayeibeba ruhusa ya uwanja wa mapambano akaiingiza jikoni kwa mama yake hajaifahamu hadithi, na kwa hoja hiyo hiyo atawadanganya wanaomdai, madhali tu amevaa magwanda.

Wala huruma haitoshi kuwa hoja. Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, hakumficha mama yake Musa habari ya mto: alimwambia amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie mtoni, wala asiogope wala asihuzunike, kwani atarudishiwa. Hatari na ahadi aliambiwa kwa pamoja, ingawa moyo wake, kama isemavyo Suratul Qasas aya ya 10, ulibaki mtupu.

Hata hivyo hukulazimika kumweleza kila kombora. Abubakar, katika safari ya Hijra pamoja na Mtume, alipoulizwa aliyefuatana naye ni nani, alijibu kwamba ni mtu anayemwonyesha njia, na muulizaji akadhani ni njia ya safari. Nawe ungeandika, "Nimeamka salama, nimeswali Alfajiri, niombee dua," na kila neno lingekuwa kweli. Ile stoo ndiyo dhambi. Tubu, nami nataraji Mola, aliyejua kwamba mkono wako ulisukumwa na mapenzi, atakusamehe.

Kisha mweleze mama mwenyewe, taratibu, akishameza dawa yake, kabla hajasikia kwa wenzako. Tangu walinda amani wetu walipouawa Semuliki Desemba 2017, mama wa askari hahitaji kuambiwa kwamba Kongo kuna mauti. Huenda amekuwa akiipokea stoo yako ili wewe usimwonee wasiwasi. Na ukiitwa tena, andika wasia kabla ya kuondoka, kama ilivyohimizwa katika hadithi ya Ibn Umar, uorodheshe madeni yako hata yale ya fundi cherehani, na uukabidhi mikononi mwa mama.