Leseni kwanza, ukumbi baadaye

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Unauliza mtapata wapi mandhari ya bei nafuu ya vyumba vitatu vya jiko kwa ajili ya Absurd Person Singular, mchezo wa jukwaani wa Alan Ayckbourn, na waigizaji wenu waseme lafudhi gani, halafu katikati unapenyeza kwamba leseni ya kuuigiza "mtaishughulikia onyesho likikaribia". Na amana ya ukumbi mmeshalipa! Jamani.

Kikundi chetu huku kaskazini mwa Uingereza kilidanganywa hivyo hivyo. Mwongozaji wetu, mtu wa kuongea kana kwamba sheria aliitunga yeye, alituambia ukishanunua vitabu vya mchezo umenunua na ruhusa. Tena mapato ni ya hisani, nani atawadai? Uongo mtupu. Kitabu ni cha kusoma. Kuigiza mbele ya watu ni haki nyingine, unaiomba kwa kampuni inayosimamia mchezo, unalipia, na hisani haikusamehei. Mchezo huu ni wa 1972, na hakimiliki Uingereza hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufa. Piga hesabu mwenyewe.

Na kilichotuumiza si ada. Leseni inaweza kukataliwa! Kampuni kubwa ya waigizaji wa kulipwa ikiutaka mchezo, vikundi vya ridhaa vinaweza kufungiwa mlango. Sisi "hapana" ilitufika mabango yameshabandikwa na tiketi zimeshauzwa. Jiko la pili lilikuwa tayari limesimama: sinki ambalo mhusika Sidney hujilaza chini yake akizibua bomba, oveni ambayo mkewe Jane anaisugua bila kung'amua kwamba Eva, mwenyeji wao, amekata tamaa ya maisha, na mlango ambao rangi yake ilikuwa bado inanata vidoleni. Tulivunja vyote usiku uleule. Watu tuliwarudishia fedha zao kutoka mifukoni mwetu, amana ikapotea, na mwongozaji akatuma ujumbe kwamba ana mafua. Mafua!

Hilo la kuunganisha jiko la pili na la tatu kwa sababu jukwaa ni dogo, usithubutu bila idhini ya maandishi. Majiko ya nyumba tatu tofauti, katika Krismasi tatu, ndiyo mchezo wenyewe. Hapo ndipo watu wanamwona Sidney akipanda kimaisha na wenzake wakiporomoka.

Kesho asubuhi tuma maombi: jina la kikundi, tarehe, idadi ya maonyesho, viti vya ukumbi, bei ya tiketi. Kisha wapigie wenye ukumbi, uwaulize siku ya mwisho ya kurudishiwa amana. Bango hata moja lisichapwe kabla ya jibu.