Maswali ya Wasomaji: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Mhariri, namba 4,294,967,297 nimeigawa kwa 3, 7, 11, 13 na kuendelea hadi 97, kila mara inabaki kitu. Mwenzangu anasema ni tasa, kwa sababu ni 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1. Tena programu niliyoiandika mwenyewe inaigeuza kuwa 1! Nani kakosea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si tasa, ila mwenzako asione haya, kateleza alipoteleza Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa. Huyo aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukijumlisha 1) zote ni tasa, akaamini kila inayofuata katika safu hiyo itakuwa tasa. Inayofuata ndiyo hii yako. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Wewe uliacha mapema. Ilibidi ufike hadi kipeuo cha pili cha namba hii, ambacho ni 65,536 na chembe kidogo, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542. Nani ana muda huo? Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Basi anza 65, ongeza 64 kila mara, tupa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu.

Kikokotoo cha dukani chenye tarakimu 8 hakiibebi namba hii, kwa hiyo shika kalamu. 641 katika 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Sasa angalia, maana hapa ndipo wengi huharibu. Ukishusha 6 unapata 26, haitoshi, andika 0. Ukishusha 7 unapata 267, bado haitoshi, andika 0 nyingine. Ukiziruka sifuri hizo utaishia na 67,417. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Kisha 1089, mara 1, baki 448. Mwisho 4487, mara 7, baki 0. Jibu ni 6,700,417.

Hiyo nayo ni tasa, kwa hiyo vigawo vyote vya namba yako ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Kuhusu programu, bila shaka umeihifadhi namba katika nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1. Nafasi hiyo isiyo na alama ya hasi inaishia 4,294,967,295. Ukiongeza 1 inarudi 0, ukiongeza tena inakuwa 1. Tumia aina ya biti 64, na uibadili kabla ya kukokotoa kipeo. Ukisubiri hadi kwenye jibu, tarakimu zitakuwa zimeshapotea.